Mabomba ya Mheshimiwa Aminieli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata magoti haya yanayonisumbua husahau kuuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nimesimama nyuma ya pikapu ya bluu katika uwanja wa shule ya kijijini kwetu Nkoamringa, kipaza sauti mkononi, spika mbili zimefungwa kwa kamba juu ya kabini, na mbele yangu watu wengi kuliko niliowahi kuwaona hata siku ya mavuno kanisani. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu yote asubuhi ile. Nikavuta pumzi, nikapaza: "Nkoamringa mpooo?"

"Tupooo!"

"Nani ataleta maji?"

"Mwalimu Aminieli!"

Mwili wote ukasisimka. Sauti yangu, mwanangu! Sauti ya binti aliyezoea kuimba safu ya nyuma kwenye kwaya ya usharika, leo inauliza na mlima mzima unajibu. Nilipiga kelele siku ile mpaka nikarudi nyumbani nikiongea kwa ishara, na mama akanichemshia maji ya tangawizi huku akicheka.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja hapa mbio, hata hodi hukupiga vizuri, ukaniambia umepata kazi katika ofisi ya mkubwa. Nilikuona ulivyokuwa unang'aa. Nikafurahi, tena sana. Lakini nikajiona mimi juu ya ile pikapu, nikasema, huyu haondoki kwenda mjini kabla sijamweleza habari ya Mheshimiwa Aminieli.

Enzi zile ndiyo kwanza nchi ilikuwa imefunguka. Zamani tulichagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama kimoja. Sasa vyama vikawa vingi, bendera za kila rangi, na kila kona mtu anahutubia. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani hadi mwenye duka anakubembeleza. Mjini Arusha televisheni zikawekwa kwenye madirisha ya maduka, watu wanasimama barabarani kutazama. Na ukishuka njia ya Nduruma, mashamba ya maua yalikuwa yanaota, nyumba za nailoni zinametameta juani kama ziwa. Kila mtu aliona kesho yake inakuja mbio. Nani asingesisimka?

Mwalimu Aminieli alikuwa mtu wetu hasa. Mama yake aliuza ndizi soko la Tengeru mpaka akamsomesha. Alinifundisha jiografia sekondari, na alikuwa mwalimu wa namna ambayo ukikosea hakupigi, anakuuliza tena polepole mpaka unaona aibu mwenyewe. Alipogombea ubunge hakuwa na fedha za kugawa wala kofia. Siku moja ya kampeni tulikutana na akina mama wakipanda mteremko kutoka mtoni na ndoo vichwani. Akavua koti, akaomba ndoo ya mama mmoja, akaibeba hadi juu. Maji yalimmwagikia shati lote. Hakuna aliyemwambia afanye vile, na picha hakupigwa. Ndiyo maana nasema, mwanangu, usimsikilize anayekuambia kwamba mwizi huzaliwa mwizi. Mimi niliyaona yale maji mgongoni mwake.

Alishinda. Walimbeba mabegani kutoka Usa River hadi kijijini. Wiki iliyofuata akaniita.

"Ndeshi," akasema, "umenisaidia kuomba. Sasa nisaidie kutenda."

Akanipa kazi katika ofisi yake ya jimbo, vyumba viwili kando ya barabara kuu. Nilikuwa napokea wageni, naandika barua, napanga mikutano. Na alitenda kweli! Daraja lililokuwa linachukuliwa na maji kila masika likajengwa. Madawati yakaja. Bunge likikaa, akina mama walikusanyika kwenye redio ya duka, na sauti yake ikitoka wanapiga vigelegele kana kwamba anawasikia. Mara moja alinipeleka Dodoma. Nikakaa juu kule wanakokaa wageni, nimevaa suti nyekundu niliyoshonewa Arusha mjini, nikamwona akisimama. "Mheshimiwa Spika," akaanza, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mawaziri waligeuza shingo. Alipomaliza walipiga meza, nami nikajikuta nimesimama napiga makofi mpaka askari wa bunge akanishika bega akaniambia kwa upole, "Dada, hapa wageni hawashangilii."

Vipindi viwili vikapita. Akawa mwenyekiti wa kamati, mtu mzito, wakuu wa idara wanamfuata hadi kwenye gari kumsalimu. Waliotutangulia walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua. Lakini mimi nilikuwa kiongozi wa wasifiaji. Kila asubuhi nilimwambia, "Mheshimiwa, jana ulizungumza kama nabii." Tena nilimaanisha.

Hakubadilika siku moja. Kwanza alihamia mjini, Njiro, kwenye nyumba yenye ukuta na geti. Sikuona tatizo, mbunge alale wapi? Halafu gari la ofisi likaanza kubeba mbolea kwenda shambani kwake. Nikajiambia, mtu anayefanya kazi usiku na mchana apewe nafuu kidogo. Halafu ndugu zake watatu wakaandikwa kuwa watumishi wa ofisi yetu, na mlango wa ofisi hiyo hawakuwahi kuuona. Hilo nalo nililitafutia udhuru. Unajua, mwanangu, mtu ukimpenda unakuwa wakili wake hata pale ambapo hajashtakiwa.

Shamba lenyewe lilikuwa la waridi. Aliingia ubia na mgeni mmoja, wakasimamisha nyumba za nailoni njia ya Nduruma. Maua ya Meru yalipanda ndege kwenda Ulaya! Mheshimiwa alinipa fungu la kwanza lililokatwa. Nilipita nalo katikati ya mji nimelikumbatia kama bibi harusi, watu wananigeukia, na sikutaka njia ile iishe.

Katika mwaka huohuo wafadhili wakatoa mabomba ya kuleta maji Nkoamringa, kutoka chemchemi ya juu msituni hadi katikati ya kijiji. Ahadi ya kwanza kabisa ya Mheshimiwa! Mimi nikateuliwa katibu wa kamati ya kupokea, na mwenyekiti akawa Mzee Ndewario, msimamizi wa mfereji wetu wa kumwagilia. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akigawa zamu za maji, leo shamba la huyu, kesho la yule, na katika miaka yote sikusikia mtu akimlalamikia.

Mheshimiwa akanipa fomu. "Mpelekee mzee asaini kwamba mabomba yamefika kijijini. Mjini wanaisubiri."

Nikamkuta mzee ndani ya mfereji, suruali imekunjwa magotini, anazibua tope kwa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na viatu vizuri kwenye tope langu."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hayo mabomba yako wapi?"

"Yako njiani, mzee. Wiki ijayo yatakuwa hapa."

"Basi nawe rudi wiki ijayo."

"Mzee, ni utaratibu tu. Mheshimiwa ana haraka."

Akanawa mikono kwenye maji, akaifuta kwenye shati. "Binti yangu, mtu akiniambia shamba lake limekwisha kunywa, mimi nakwenda kulikanyaga. Mguu ukizama, namwita wa zamu inayofuata. Nikikuta vumbi, simwiti mtu. Hayo mabomba yako unataka niyakanyage wapi?"

Nilicheka, mwanangu. Kicheko kibaya, cha mtoto aliyeketi Dodoma akaona amemaliza dunia. "Mzee," nikasema, "siku hizi mambo hayaendi kwa kukanyaga tope. Mtaachwa nyuma."

Hakukasirika. Aliokota jembe lake. "Mkono ni wako, Ndeshi. Ila siku ya kuulizwa, utaulizwa huohuo mkono, hautaulizwa wa Aminieli."

Nilirudi kwenye gari nimenuna. Katibu aliruhusiwa kusaini mwenyekiti asipokuwepo. Nikaiweka ile fomu juu ya goti, nikaandika kwamba mwenyekiti hakuwepo, nikaandika kwamba mabomba yamepokelewa yote, nikasaini. Sikuchukua hata dakika moja. Dereva alikuwa anapiga mluzi, nakumbuka.

Wiki ijayo ikapita, na nyingine, na nyingine. Nikiuliza naambiwa yamechelewa bandarini. Mpaka siku Mheshimiwa alipoalika wageni shambani nami nikaenda kupanga viti. Nilipita kati ya mawaridi, mazuri ajabu, mekundu na ya njano, yanadondosha maji. Nikafuata maji kwa macho. Bomba jeusi, jipya, limelala kando ya tuta, na ubavuni mwake herufi nyeupe za rangi ya mafuta: NKOAMRINGA.

Nikainua macho, nikamkuta Mheshimiwa ananitazama. Aliniona nikiona.

Akaja taratibu. "Nimeyaazima, Ndeshi," akasema kwa sauti ya chini. "Mbia wangu amenibana, maua yangekauka. Mzigo mkubwa ukiondoka nanunua mengine, bora kuliko haya. Unaniamini?"

Kijiji kizima kilikuwa kwenye hilo swali. Nami nikajibu, "Nakuamini, Mheshimiwa."

Sikuwa namwamini. Ile saini niliitia kwa upumbavu, lakini jibu hili nililitoa macho yangu yakiwa wazi, na kati ya mawili haya hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo.

Kiangazi kikaja kikali. Mfereji ukakonda. Akina mama wakawa wanashuka mtoni mara tatu kwa siku, na mama yangu mmoja wao. Asubuhi moja akateleza kwenye mteremko, ndoo ikamwangukia, mguu ukavunjika juu ya goti. Nilifika hospitali nikamkuta amelala, mguu umefungwa hadi kiunoni, lakini ananifariji mimi.

"Usilie," akasema. "Ukimwona Mwalimu Aminieli mwambie nikitoka hapa ninywe mimi wa kwanza kwenye bomba lake. Najua analipigania huko aliko."

Mwanangu, nilitoka nje nikashika ukuta. Kisha nikaanza kukimbia. Sikwenda ofisini wala Njiro. Nilikwenda mferejini.

Mzee Ndewario alinisikiliza nikilia na kusimulia bila mpangilio, fomu, maua, bomba, mama. Nilingoja aniambie, "Si nilikuonya?" Hakusema. Aliuliza maswali mawili tu.

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona."

"Lina jina letu?"

"Lina jina letu, mzee."

Akalichukua koti lake kwenye tawi. "Haya, twende kwa akina mama."

Ah, asubuhi ya kesho yake! Ningekuwa na nguvu ningesimama nikuoneshe. Akina mama wa Nkoamringa walitoka na majembe mabegani, kanga zimefungwa viunoni, mbele yao Mama Elirehema, mwimbishaji wa kwaya, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa askari. Tuliteremka kwa miguu hadi njia ya Nduruma, na kila kijiji tulichopita watu walitoka kuuliza, wakasikia, wakajiunga. Waliimba nyimbo za kanisani, lakini kwa namna ya kukanyaga chini mpaka vumbi likatufunika. Nami nilikuwa katikati yao, naogopa huku nakanyaga nao.

Hatukuingia shambani. Bomba lilitoka kwenye tangi lililokuwa nje ya uzio, likapita kando ya barabara. Wakaanza kuchimba hapo. Walinzi wakapuliza filimbi, wakawaona wale wanawake na yale majembe, wakaacha kupuliza. Punde jembe likagonga kitu. Wakakifuta udongo kwa kanga. Mama Elirehema akapiga magoti. Alijifunza kusoma utu uzima, katika madarasa ya kisomo, na alisoma kama wasomavyo waliojifunzia huko, kidole kikitangulia.

"N... ko... a... m... ri... nga." Akarudia kwa sauti ya kwaya: "Nkoamringa! Ni sisi! Limeandikwa sisi!"

Kelele iliyopanda pale, mwanangu, sijaisikia tena. Vigelegele na vilio kwa pamoja.

Ndipo Landkruza ya Mheshimiwa ikafika, na nyuma yake gari la polisi. Akashuka peke yake. Hakuogopa; mtu yule alijua umati kama mkulima anavyojua mvua. Akachukua kipaza sauti cha polisi.

"Mama zangu!" akaanza, na sauti ile niliyoipenda ikaenea. Akasema mabomba yalihifadhiwa shambani yasiibwe. Akasema kuna maadui wa maendeleo wanaotaka kutugombanisha. Nikaona baadhi ya majembe yanashuka. Walimpenda bado! Tulimpenda wote. "Na kama hamniamini mimi," akasema, "mwaminini binti yenu. Kamati yenu ilipokea, na karatasi ipo. Ndeshi, njoo uwaambie. Ulisaini wewe."

Akaninyooshea kipaza sauti. Nikakipokea. Nikamwona Mzee Ndewario pembeni ya barabara. Hakunipa ishara yoyote.

"Ni kweli nilisaini," nikasema. "Lakini mabomba sikuyaona. Nilisaini uongo. Na nilipoyaona hapa, nikanyamaza."

Kisha bonge la udongo likanipiga shingoni. "Mwizi mwenzake!" mtu akapiga kelele, na mwingine, na mwingine. Walikuwa na haki. Mama Elirehema akainua jembe juu. "Mwacheni!" akanguruma. "Amechelewa, lakini amefika."

Nilisimama pale nina udongo mpaka ndani ya blauzi, kazi imekwisha, jina limekwisha, na ajabu yake nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo baada ya mteremko mrefu. Mheshimiwa alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nikikosea, kisha akaingia garini.

Wapelelezi wa rushwa wakaja. Walifukua mengi. Mabati ya zahanati yalikutwa juu ya mabanda yake ya kuku. Ndugu wale watatu wakaitwa waeleze kazi zao, na mmoja hakujua hata ofisi iko upande gani wa barabara. Walimkamata getini kwake Njiro, saa nne asubuhi, majirani wanachungulia. Usidhani wote walifurahi! Wapo walioandamana kumtetea, wakasema mimi nimenunuliwa na wapinzani. Kanisani nilipokaa kwenye benchi, benchi likahama. Nami nilishtakiwa kwa ile saini yangu. Nilikiri. Hakimu alinionya mbele ya watu wote, akaniachia kwa sharti kwamba nisirudie kosa lolote. Baadaye nikaitwa kuwa shahidi.

Wakili wake alikuwa fundi wa maneno. "Wewe umekiri kwamba u mwongo," akaniambia. "Mahakama ikuamini leo kwa nini?"

Nikamjibu, "Nilipodanganya nilikuwa napewa safari na maua. Leo nasema kweli na sijapata kitu ila kupigwa udongo. Mahakama ichague."

Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. Mheshimiwa hakucheka. Aliinamisha kichwa.

Alifungwa miaka mitano. Ilipotamkwa, alimtafuta mkewe kwa macho, na yule mama akasimama wima ili aonekane. Nje watu walikuwa wanacheza! Wengine ni walewale waliombeba mabegani. Mmoja akanivuta niingie kwenye ngoma. Nikashindwa. Nilikaa kwenye ngazi za mahakama nikamlilia mwalimu wangu.

Akina mama walichukua mabomba yao, mahakama ilipoyaachia, wakachimba mtaro wenyewe kutoka chemchemi, siku tisa, mimi nikiwa nao. Hakuna aliyenisemesha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mama mmoja akanipa kipande cha ndizi ya kuchoma bila kunitazama. Nilikila kama sakramenti. Siku bomba lilipofunguliwa mama yangu aliletwa na mkongojo wake, tukampisha akawa wa kwanza. Tulirukaruka kwenye matope kama vichaa, na Mzee Ndewario akakanyaga, akazama hadi kifundo, akasema, "Sasa lete karatasi."

Mwaka ule ulipokwisha nilikwenda gerezani. Nilijikaza sana. Alikuja amevaa nguo za wafungwa, amekonda, nywele zimegeuka mvi.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. Sikuwa nimemwita hivyo tangu achaguliwe.

"Marahaba, Ndeshi. Mama anatembea?"

"Anatembea, kwa mkongojo."

"Na maji?"

"Yanatoka."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Nikamwachia. Kisha mimi nikaanza kusema kwamba ni mimi niliyemharibu, kwamba ningesema siku ile shambani asingekuwa hapa, kwamba sifa zangu zilimlewesha. Akainua kiganja, kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Hapana. Kuiba niliiba mimi. Usijibebeshe dhambi yangu, ni yangu, na ninaitumikia hapa. Ila ile ya kunyamaza ni yako, Ndeshi. Hiyo ichukue. Ibebe vizuri, itakufundisha."

Hata ndani ya ukuta ule, mwanangu, alikuwa anafundisha. Alipotoka gerezani alirudi kwenye kihamba, shamba la migomba la mama yake, akalima ndizi zake, na watoto wa majirani walikuwa wakimpelekea madaftari ya jiografia. Alikufa akiitwa Mwalimu. Nilimzika kwa machozi ya kweli.

Haya, mwanangu, sasa unakwenda. Usiende umenywea; nenda na furaha yako yote, maana kazi ya watu ni tamu, na mimi sijutii hata siku moja ya ile pikapu. Lakini usitie mkono wako chini ya jambo ambalo jicho lako halijaliona, hata akuombe unayempenda, hata dereva awe amewasha gari. Mkubwa wako ukimpenda, mpende kwa kumwambia hapana angali mapema, wakati kosa bado ni mfuko mmoja wa mbolea, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Anaweza kukufukuza. Fukuzwa! Utarudi hapa tutakula loshoro, ndizi na maziwa mgando, na utalala usingizi. Na kama umekwisha kukosea, kama nilivyokosea mimi, usingoje mguu wa mama yako uvunjike ndipo ufungue mdomo. Nenda palepale ulipodanganya ukaseme kweli palepale. Watakupiga udongo. Udongo unaoshwa. Na siku mtu mkubwa akianguka, usicheze ngoma juu yake. Msalimie kwa jina lake la zamani, labda ndilo litakalomwinua.

Inama sasa nikuwekee mkono. Mungu aliyeuketisha Meru mahali pake akuketishe nawe katika kweli, usisogezwe. Mkono wako uwe safi asubuhi na jioni, ulimi wako uwe mwepesi wa kweli na mzito wa sifa. Upande juu, mwanangu, tena juu sana, na kila ukifika waliokuzaa waweze kukutazama bila kufumba macho. Nenda na baraka zangu zote.